Maswali ya Wasomaji: Kufuma, Kuoka na Kusoma Katika Likizo ya Majira ya Baridi

Likizo ya majira ya baridi inapokaribia, barua zinazofika katika safu hii hubadilika. Wanaouliza habari za bustani hupungua, na wanaouliza habari za sindano, uzi, hamira na vitabu huongezeka. Safari hii tumechagua barua sita, na kila moja tumeipa nafasi kadiri swali lenyewe lilivyodai.

Swali: Kila mwaka huipangia likizo yangu ya wiki mbili kazi nyingi ninazozipenda: kufuma sweta, kuoka mkate kila siku, kutengeneza mapambo ya karatasi na kusoma vitabu vilivyorundikana kando ya kitanda changu. Likizo huisha sweta ikiwa ni mgongo tu, vitabu vitatu vimefunguliwa na hakuna kilichomalizika, nami hurudi kazini nikiwa mchovu kuliko nilivyoondoka. Je, huu ni uvivu? (Mwalimu aliye likizoni)

Jibu: Sioni uvivu wowote hapa, ndugu mwalimu. Ninachokiona ni hesabu ambayo haikupigwa kabla ya uzi kununuliwa. Chukua sweta ya mtu mzima yenye vitanzi 220 kwa mzunguko: kiwiliwili chake, kutoka pindo hadi kwapani, huweza kuhitaji mizunguko kama 120, yaani vitanzi 26,400, na hapo mikono na shingo bado havijaguswa. Mfumaji anayepata vitanzi 20 kwa dakika atatumia saa 22 kwa sehemu hiyo peke yake. Kofia, kwa upande wake, yenye vitanzi 90 na mizunguko 60 ina vitanzi 5,400, na mfumaji yuleyule ataimaliza kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Kwa hiyo, mwenye wiki mbili na anayetamani kuonja furaha ya kukata uzi wa mwisho achague kofia, au aianze sweta akijua tangu siku ya kwanza kwamba ataivaa majira yajayo. Njia zote mbili ni njema. Kinachochosha ni kuishi likizo nzima ukikimbizana na kazi ambayo haingeweza kamwe kuisha.

Jambo la pili ni kwamba kazi ulizozitaja hazigombei kitu kimoja. Kufuma huchukua mikono na kuyaacha masikio huru. Mkate hukudai dakika chache za kukanda, kisha hukuachia saa kadhaa za kuumuka ambazo hauhitaji kuangaliwa hata kidogo. Kusoma huchukua macho na akili yote, ndiyo maana hakuvumilii kushirikishwa na jambo jingine. Ukizipanga kazi hizi kwa foleni zitakushinda, lakini ukiiweka moja ndani ya nafasi ya nyingine utashangaa jinsi siku fupi ya baridi inavyotosha: kanda unga asubuhi, soma wakati unaumuka na mwanga wa mchana ungali mzuri, oka alasiri, kisha jioni shika sindano huku ukisikiliza kitabu kilichorekodiwa au mazungumzo ya watu wa nyumbani. Mapambo ya karatasi yawekee siku moja tu, tena yafanye pamoja na wengine, kwa maana raha yake iko katika kuizunguka meza. Mkate wa kila siku ningeuondoa katika orodha yako bila kusita, kwa sababu kinachofanywa kila siku kwa lazima huacha kuwa likizo.

Swali: Nimeanza kujifunza kufuma mwaka huu. Skafu yangu ilianza na vitanzi 30, na sasa ina 37 ingawa sikukusudia kuongeza hata kimoja. Isitoshe, kingo zake hujikunja ndani, nami siwezi kuzinyoosha. Je, nifumue yote? (Mwanafunzi wa sindano)

Jibu: Usifumue kwanza, yafahamu yaliyotokea, kwa kuwa usipoyafahamu utayarudia. Vitanzi vya ziada huzaliwa zaidi mwanzoni mwa mstari. Unapogeuza kazi, uzi ukipita juu ya sindano na kuning'inia upande wa nyuma, hukivuta juu kitanzi cha kwanza mpaka miguu yake miwili ionekane kama vitanzi viwili, na anayejifunza huvifuma vyote viwili. Kabla ya kuanza mstari, hakikisha uzi umeshuka chini ya sindano, kisha ndipo uupeleke unakotakiwa. Chanzo kingine ni uzi kuzungushwa juu ya sindano katikati ya mstari bila kukusudia, jambo ambalo huacha tundu dogo utakaloliona ukiinyanyua skafu na kuielekeza kwenye mwanga. Dawa ya hali zote mbili ni kuhesabu vitanzi mwishoni mwa kila mstari hadi mikono izoee.

Kujikunja ni habari tofauti, na wala si kosa lako. Mfumo ambao mstari mmoja hufumwa kwa mshono wa mbele (kitanzi kipya huvutwa kuja upande wako) na unaofuata kwa mshono wa nyuma (kitanzi kipya hupelekwa upande wa pili) hutoa uso laini upande mmoja na vinundu upande mwingine, na kwa kuwa nyuso hizo mbili hazivutani sawasawa, kitambaa hujikunja kwa asili yake. Kuloweka na kunyoosha hupunguza tu. Kinachozuia ni kuzizungushia kingo mshono usiojikunja: mistari michache ya mwanzo na ya mwisho, pamoja na vitanzi vitatu au vinne vya kila upande, vifumwe kwa mshono wa mbele katika kila mstari. Kwa skafu ya kwanza ningekushauri ufume yote kwa mshono huo mmoja. Hutulia, hufanana pande zote mbili, na hushika joto vizuri kwa kuwa ni mnene.

Kuhusu vifaa, uzi wa unene wa kati wenye rangi isiyokoza, pamoja na sindano za mti au mwanzi za milimita 5, humfaa mwanafunzi kuliko vyote. Rangi nyeusi huficha vitanzi, na sindano za chuma huviteleza. Sufu husamehe zaidi kuliko pamba, kwa maana hunyumbuka na kurudi, na hivyo vitanzi visivyolingana hukaribiana vikifuliwa. Na siku utakapotamani kufuma nguo ya kuvaliwa mwilini, anza na kipande cha majaribio cha upana wa sentimita 15, kisha hesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Wengi hukidharau kipande hiki kwa haraka ya kuanza. Iwapo maelezo yanadai vitanzi 22 nawe unapata 20, nguo yenye vitanzi 220 iliyopaswa kuwa na mzunguko wa sentimita 100 itakuwa na sentimita 110, na tofauti hiyo haifichiki.

Sasa, kuhusu kufumua: ikiwa skafu bado ni fupi, ifumue kwa moyo mweupe, kwa kuwa uzi haupotei na kila mstari utakaourudia utafumwa vizuri zaidi. Ikiwa imeshafika mbali, unganisha vitanzi viwili kuwa kimoja hapa na pale katika mistari inayofuata mpaka virudi 30.

Swali: Wakati wa joto mkate wangu huumuka ndani ya saa moja. Wakati wa baridi unga hukaa kama ulivyokandwa, nami huishia kuoka kitu kizito kisicholika. Nimebadilisha hamira mara mbili bila mafanikio. (Mpenda mkate)

Jibu: Hamira ni kiumbe hai, na baridi huipunguzia kasi bila kuiua. Kabla ya kuilaumu, ipime: koroga kiasi kidogo katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, na ikitoa povu ndani ya dakika 10, iko hai. Kinachoiua ni joto, hasa linapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo anayemimina maji ya moto ili kuushinda ubaridi wa jiko hujiletea hasara. Maji ya nyuzi 35 hadi 40 yanatosha, na kinyunya chenyewe kikibaki kati ya nyuzi 24 na 27, kitaumuka vyema. Mahali pazuri pa kukiweka ni ndani ya oveni iliyozimwa, ukiweka bakuli la maji yaliyochemka kando yake na kufunga mlango.

Hata hivyo, mimi napendelea njia ya pili, ambayo ni kuiacha baridi ifanye kazi yake. Kwa gramu 500 za unga wa ngano, gramu 325 za maji na gramu 10 za chumvi, tumia gramu 1 tu ya hamira kavu badala ya gramu 5, changanya usiku, funika bakuli na ulale. Kufikia asubuhi, baada ya saa 12 hivi, kinyunya kitakuwa kimejaa mapovu, na ladha yake itakuwa imekomaa kuliko ile ya mkate wa saa moja, kwa sababu uchachu na harufu nzuri huhitaji muda kujijenga. Katika majira haya acha kuitazama saa na ujifunze kukitazama kinyunya: kibonyeze kwa kidole kikiwa kimeshafinyangwa, shimo likirudi polepole na kubakiza alama, kiko tayari kuingia ovenini. Shimo likirudi upesi, subiri zaidi. Oka kwa nyuzi 230 kwa dakika 30 hadi 35, kisha usikate mkate ungali moto, hata nyumba nzima inaponukia. Ndani yake wanga bado unajitengeneza, na kisu cha mapema huuacha ukiwa na unyevu unaonata. Saa moja ya kusubiri inatosha, na hapo ndipo kitabu kinapofaa.

Swali: Binti yangu wa miaka minane anataka kufanya kila ninachokifanya, lakini sindano humkasirisha. (Mama wa binti mmoja)

Jibu: Mpe uzi mnene afume kwa vidole vyake vinne, bila sindano yoyote. Atapata ukanda mrefu wa kufungia zawadi au nywele kabla hamu haijamwishia, na atakuwa ameshaelewa jinsi kitanzi kinavyopita ndani ya kitanzi. Jikoni, kazi ya kupima unga kwa mizani iwe yake peke yake, nawe usiirudie nyuma yake.

Swali: Ndugu zangu huniuliza kwa nini nifume soksi ilhali madukani zimejaa. Nakosa jibu. (Mfuma soksi)

Jibu: Swali lao lina umri mkubwa. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na tangu hapo mtu anayefuma kwa mkono amekuwa akifanya hivyo ingawa mashine inamshinda kwa kasi. Soksi uliyoifuma wewe inapimwa kwenye mguu wa mtu mmoja unayemjua, na kisigino kikitoboka kinaweza kufumwa upya kwa uzi uleule uliouhifadhi. Unapompa mtu soksi hizo, mweleze namna ya kuzifua: maji ya moto pamoja na kusugua hushikamanisha nyuzi za sufu, na kilichosinyaa kwa njia hiyo hakirudi. Maji ya uvuguvugu, kukamua taratibu na kukausha kwa kutandaza kutazifanya zidumu.

Swali: Nikishika kitabu jioni nalala baada ya kurasa mbili. Mume wangu hupenda kunisomea kwa sauti, lakini je, kitabu kizima kinawezekana katika likizo moja? (Msomaji mwenye usingizi)

Jibu: Kinawezekana kabisa, na mumeo amekupa zawadi kubwa. Msomaji wa sauti asiye na haraka hutamka maneno kama 150 kwa dakika, yaani 9,000 kwa saa, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 itaisha kwa jioni kumi za saa moja moja. Chagueni riwaya yenye sura fupi, na mpe maji ya kunywa karibu naye, maana koo huchoka kabla ya hadithi. Usomaji wako wa kimyakimya uuhamishie mchana, ukiwa umekaa wima karibu na dirisha. Kitandani, katika blanketi lenye joto, ni mwili unaodai haki yake na hakuna kitabu kitakachoushinda. Wakati anaposoma, shika kazi ya mkono isiyohitaji kuhesabiwa, kama vile skafu ya mshono mmoja au soksi iliyokwisha kupita kisigino. Ufumaji wa mapambo, unaodai uhesabu hadi 12 na kurudi nyuma, uuache kwa saa nyingine, kwa sababu ama utapoteza hesabu au utapoteza hadithi.