Dozi Imetoka Kwenye Pampu, Je, Imefika Kwenye Msuli?

Mwenzangu unayeanza kazi kwenye mashine ya moyo na mapafu, jambo la kwanza ambalo ningependa ulizoee ni kuutazama moyo wenyewe, na si skrini peke yake. Katika upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, daktari akishaibana aota, yaani ateri kuu itokayo kwenye moyo, damu haipiti tena kwenye ateri za koronari zinazoulisha msuli wa moyo, na tangu dakika hiyo msuli huo unaishi kwa akiba iliyomo ndani yake. Dawa ya kadioplejia, ile ya kuusimamisha moyo, tunayoipitisha ndiyo inayoifanya akiba hiyo itoshe mpaka mishipa imeshonwa.

Moyo unaopiga kama kawaida hutumia takriban mililita 8 hadi 10 za oksijeni kwa dakika kwa kila gramu 100 za msuli. Ukisimamishwa kabisa kwa potasiamu, hata kabla ya kupozwa, matumizi hayo hushuka hadi mililita 1 hivi. Ubaridi huyapunguza zaidi, lakini sehemu kubwa ya nafuu imeshapatikana kwa kule kusimama. Kwa sababu hiyo usiridhike na moyo uliopoa huku bado unatetemeka, maana mtetemo huo unaila akiba unayodhani umeitunza.

Potasiamu hiyo nayo inataka heshima. Mwaka 1955 Denis Melrose na wenzake mjini London walionyesha kwamba moyo unaweza kusimamishwa kwa sitreti ya potasiamu, lakini mchanganyiko ulikuwa mkali mno, ukaharibu msuli wenyewe, na njia hiyo ikaachwa na wapasuaji wengi kwa miaka. Ilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1970, pale David Hearse na Mark Braimbridge wa hospitali ya St Thomas', London, walipotengeneza mchanganyiko wenye potasiamu kidogo zaidi, ambao unatumika hadi leo. Ninalitaja hili kwa sababu wewe ndiye utakayechanganya au kuhakiki mfuko, na kosa la kipimo haliwezi kurekebishwa likishaingia kwenye koronari.

Katika mwaka wangu wa pili kazini tulimpokea mzee mwenye ateri tatu zilizoziba. Aota ilipobanwa nilianza kupitisha dozi ya kwanza kwenye shina la aota: joto la dawa nyuzi 4, mtiririko mzuri, ujazo ukipanda kama ulivyopangwa. Nilipofika mililita 600 moyo ulikuwa bado unacheza. Daktari akaweka kiganja chini ya ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, akaniambia kwa sauti ya chini, “Umejaa, simamisha.” Ulikuwa mgumu kama mpira uliojazwa upepo. Vali ya aota ilikuwa ikivuja, dawa ikawa inaanguka ndani ya ventrikali badala ya kuingia kwenye koronari, na kuta zilizotanuka hivyo hujinyima hata kile kidogo kinachofika. Shinikizo kwenye shina la aota lilikuwa halijapanda tangu mwanzo, nami sikuwa nimelitazama kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mililita. Tulifyonza ventrikali ikalainika, tukapitisha dawa kwa njia ya nyuma, kupitia sinasi ya koronari, yaani vena inayokusanya damu ya msuli wa moyo, na mstari wa umeme wa moyo ukalala. Mzee alipona, lakini tangu siku hiyo nasoma ripoti ya vali kabla ya kuandaa mashine, na kila dozi inapoanza nauliza kwa sauti kama ventrikali ni laini.

Hata vali ikiwa nzima, kumbuka kwamba mgonjwa wetu yuko mezani kwa sababu njia za damu zimeziba, na dawa hupita njia zilezile. Msuli ulio nyuma ya kizuizi kikubwa hupata kidogo na kwa kuchelewa. Njia ya nyuma husaidia hapo, mradi shinikizo ndani ya sinasi lisizidi milimita 40 za zebaki, lakini haiilindi vizuri ventrikali ya kulia, na katheta, yaani mrija wa kupitishia dawa, ikisukumwa ndani mno hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana napendelea njia zote mbili, ya mbele kupitia aota na ya nyuma, zitumike kwa pamoja, na kila mshipa uliotolewa mguuni ili kupandikizwa ukishashonwa upande wa moyo, muombe daktari akuruhusu kupitisha dawa humo pia.

Kuhusu muda, kwa michanganyiko mingi tunarudia dozi kila dakika 15 hadi 20. Kadioplejia iitwayo del Nido hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo usihamishe ratiba ya dawa moja kwenda kwa nyingine. Taja dakika kwa sauti inayosikika. Daktari aliyeinamia mshono atakuomba asubiriwe, na mara nyingi ni sawa kusubiri, lakini mawimbi madogo yakianza kuonekana kwenye mstari uliokuwa umelala, mwambie hapohapo, dakika zozote zile ziwe zimepita. Barafu inayomwagwa juu ya moyo itumike kwa uangalifu, kwani inaweza kuumiza neva inayoendesha kiwambo, msuli wa kupumulia.

Kibanio cha aota kinapofunguliwa, shusha kwanza shinikizo la pampu, kisha lipandishe polepole. Mlango wa koronari ya kulia uko upande wa juu mgonjwa akiwa amelala chali, kwa hiyo hewa iliyobaki hupenda kuingia humo. Kabla ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine, itazame ventrikali ya kulia kwa macho yako. Ikiwa imevimba na inasinyaa kwa ulegevu ilhali ya kushoto inapiga vizuri, usipunguze mtiririko. Uache moyo ukiwa mtupu, shinikizo likiwa la kutosha, kwa dakika nyingine 10 ili hewa ipite, kisha utazame tena.