Mwenye nyumba asipotia saini, fedha za kuondoa rangi ya risasi haziji

SWALI: Ndugu mkaguzi, habari za kazi. Tunapanga ghorofa ya chini ya nyumba ya mbao ya zamani sana hapa Rochester, New York, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mdogo ana miaka miwili. Kliniki walimtoboa kidole wakasema ana risasi kwenye damu, namba ni 7. Rangi ya madirisha inabanduka, naye kutwa anasimama pale kutazama magari. Jirani kaniambia serikali inatoa pesa za kuondoa rangi hizo. Mwenye nyumba anasema atapaka nyingine juu yake, yaishe. Naweza kuomba pesa hizo mwenyewe? Na nikilalamika si atanifukuza?

JIBU: Pole sana, mama. Niseme kwanza kuhusu neno lenyewe, maana nimekaa sebuleni kwa watu wengi waliokimbia vita, na wakiambiwa mtoto "ana risasi mwilini" wanawaza bunduki. Hii ni risasi madini. Zamani ilichanganywa kwenye rangi ili idumu, hadi Marekani ilipoipiga marufuku kwenye rangi za majumbani mwaka 1978. Nyumba yenu bila shaka ni ya kabla ya hapo.

Hiyo 7 ni mikrogramu 7 kwa desilita ya damu. Tangu 2021 kiwango ambacho taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, inataka mtoto afuatiliwe ni 3.5. Kwa 7 hapewi dawa ya kuitoa. Dawa huanza kufikiriwa kwenye 45 kwenda juu. Tiba yake ni kuondoa chanzo. Lakini kipimo cha kidoleni hudanganya kidole kikiwa na vumbi, kwa hiyo rudi kliniki achukuliwe damu ya mshipani. Usiliahirishe hili, kwani ndilo litakalokufungulia mlango: tangu Oktoba 2019, katika jimbo la New York, mtoto akithibitishwa kuwa na 5 au zaidi, idara ya afya ya kaunti inawajibika kuja kuchunguza nyumba. Humlipi mtu, wala humwombi mwenye nyumba ruhusa.

Sasa pesa. Hapana, huwezi kuziomba peke yako. Chini ya sheria ya 1992, wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, hutoa ruzuku kwa majimbo, majiji, kaunti na makabila ya wenyeji, nao hushindania kwa maombi. Jiji likishapata, ndilo linalotafuta nyumba za kutengeneza na kulipa makandarasi. Mpangaji hashiki hata senti, na kwa kuwa nyumba ni ya mtu, bila saini ya mwenyewe hakuna kinachofanyika.

Ila naye hafiki popote bila wewe. Kwa nyumba za kupangisha, sheria inataka angalau nusu ya makazi yaliyotengenezwa yawe ya familia zenye kipato kisichozidi asilimia 50 ya kipato cha kati cha eneo, na mengine yawe ya familia zenye kipato kisichozidi asilimia 80. Karatasi zenu za mshahara ndizo zinazoipitisha nyumba yake, na mtoto wa chini ya miaka sita huisogeza mbele kwenye foleni. Mwambie hivyo hivyo: anaweza kupata madirisha mapya kwa fedha za umma, pengine akichangia sehemu tu ya gharama, na anachofungwa nacho ni kuwapa kipaumbele wapangaji wenye watoto wa umri huo kwa miaka mitatu isiyopungua baada ya kazi. Wapo wanaoliogopa sharti hilo. Mimi naona ni bei ndogo.

Na hiyo ya kupaka juu yaishe, mkatalie kwa adabu. Tatizo la madirisha yale ya mbao ya kupandisha na kushusha ni msuguano. Kila ukifungua, mbao inasaga mbao, na inayosagika ni rangi, tabaka juu ya tabaka za miaka themanini au mia. Unga wake ni laini kuliko unga wa sembe, huuoni. Unadondoka kwenye ule mfereji wa chini ya dirisha, upepo unausukuma hadi kwenye kizingiti, na mtoto anayetazama magari anaweka viganja vyake pale pale kisha anajilamba vidole. Watu hukodolea macho vipande vilivyobanduka ukutani, mimi nikiingia chumbani naenda dirishani kwanza. Rangi mpya ukiipaka sehemu inayosuguana, dirisha litaisaga nayo, na siku chache baadaye mmerudi kwenye vumbi la zamani. Ndiyo maana fedha za ruzuku nyingi huishia kwenye madirisha, milango na baraza. Kabla ya hapo mkaguzi hupima kwa mashine ya mkononi inayotumia miale ya eksirei. Ikisoma miligramu 1 au zaidi kwa sentimita mraba, hiyo ni rangi ya risasi kisheria.

Kibaya zaidi ni kuikwangua kikavu kwa msasa kabla ya kupaka. Nimeona risasi kwenye damu ya mtoto ikipanda baada ya baba yake kufanya hivyo Jumamosi moja kwa nia njema kabisa. Tangu 2010, anayelipwa kugusa rangi ya zaidi ya futi mraba 6 ndani ya chumba, katika nyumba ya kabla ya 1978, lazima awe na cheti cha kazi hiyo. Mwenye nyumba anayejifanyia mwenyewe naye yumo, maana kodi ni malipo.

Kufukuzwa: sheria ya New York inakataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyelalamikia ubovu. Lalamika kwa maandishi, weka nakala na tarehe. Rochester ina pia sheria yake ya 2005 inayotaka nyumba za kupangisha zikaguliwe rangi iliyoharibika, kwa hiyo wapigie wakaguzi wa jiji.

Foleni ya ruzuku inaweza kuchukua miezi. Leo hii sogeza kochi mbali na dirisha, futa kizingiti kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na piga deki badala ya kufagia, maana ufagio unalirusha vumbi hewani. Mpe maziwa, dagaa na maharage. Mtoto mwenye chuma na kalisi ya kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo. Na nikuulize kama dada: nyumbani kuna wanja wa manga, udongo wa kula, au sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu? Vyote vinaweza kuwa na risasi. Mwambie mkaguzi hata asipouliza.

Kazi ikianza mtaombwa kuhama siku kadhaa, na mara nyingi mradi wenyewe hulipia malazi. Msirudi kwa kuwa mafundi wamefungasha vifaa. Mrudi vumbi la sakafuni na madirishani likishapimwa maabara na kufaulu, na hiyo karatasi ya majibu dai nakala yako.