Maji ya mvua au barabara?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukimaliza uhandisi wa ujenzi ubobee kwenye maji ya mvua mjini na rasilimali za maji, au ukimbilie barabara kwa sababu ya ajira. Nenda kwenye maji. Barabara hutaziacha hata hivyo: kila moja inahitaji mtaro na kalavati, na inapoharibika, mara nyingi maji ndiyo yaliyoanza.

Chukua hesabu hii. Hekta 1 ya nyasi, mvua ikinyesha milimita 50 kwa saa, hutiririsha kama lita 40 kwa sekunde. Ifunike kwa bati na zege, zinafika kama lita 125. Sasa fikiria vilima vyote vinavyomwaga maji Mto Msimbazi, Dar es Salaam, utaelewa kwa nini Jangwani, bondeni mwa mto huo, panafurika na kwa nini kupanua mtaro mmoja hakutoshi. Kazi yenyewe ndiyo hii, nami naipenda sana.

Haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, usiisome kwa ajili ya mtihani tu. Jifunze programu za kompyuta: SWMM ya maji ya mvua mjini na HEC-RAS ya mito na mafuriko, zote za bure, pamoja na QGIS ya ramani. Halafu mvua ikinyesha vaa buti ukaone maji yanapita wapi, maana programu haitakuonyesha taka zilizoziba kalavati. Ongea na wazee wa mtaa. Wanakumbuka maji yalifika usawa wa dirisha lipi.

Mafunzo kwa vitendo omba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukihitimu, usichelewe kujisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi.