Aombe mapema, lakini asijifunge

SWALI: Mwalimu, asalaam aleykum. Binti yangu yuko kidato cha nne, shule ya bweni hapa Mombasa. Hesabu na fizikia hashuki A. Ofisi moja mjini imemwambia kuna njia ya kuingia chuo kikuu cha Marekani mapema, kabla hajafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na akikubaliwa Disemba basi matokeo ya Januari si kitu. Wanataka shilingi 35,000 za kumshikia nafasi, na insha pamoja na barua za walimu watamwandikia wao. Baba yake hataki kusikia. Asema Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa (TUM) kiko hapo Tudor, mtoto atakwenda na kurudi kwa matatu. Nifanyeje? – Mama wa Kisauni

JIBU: Waaleykum salaam, mamangu. Nianze na hizo elfu thelathini na tano: usitoe. Hakuna mtu mjini humu mwenye nafasi ya kumshikia. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kupitia mtandao wa Common App, na kufungua akaunti ni bure. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, ila mwanafunzi asiyejiweza huomba msamaha wa ada hiyo. Barua za walimu nazo, mwalimu hutumiwa kiungo kwenye baruapepe yake akaipandisha barua mwenyewe. Anayekuahidi kuziandika anakuahidi kughushi, na chuo kikigundua humfuta mtoto hata kama keshafika darasani.

Lakini hilo la kuomba kabla ya mtihani ni kweli, na hapo baba yake asikasirike bure. Maombi ya mapema kwa kawaida hufungwa tarehe 1 au 15 Novemba, na majibu mengi hutoka katikati ya Disemba, watahiniwa wetu wakiwa nyumbani wanangoja matokeo. Wanampima kwa ripoti zake za shule, barua za walimu, insha yake, na pengine SAT, mtihani wa Kimarekani wa hesabu na Kiingereza kwa wanaoomba chuo, ambao vyuo kama Harvard na MIT vimerudi kuudai. KCSE haimo kwa sababu bado haijafanywa. Haijasamehewa. Anayekubaliwa hutakiwa kupeleka matokeo ya mwisho, na akiwa ameporomoka wanaweza kumnyang'anya nafasi. Kwa hiyo hiyo habari ya "si kitu" imfikie binti yako kuwa ni uongo, tena imfikie kabla hajaanza kulegea.

Sasa, kuna mapema ya namna mbili, na ofisi yako sidhani ilizitenganisha. Ya kwanza huitwa Early Action: unaomba mapema, unajibiwa mapema, na uamuzi unabaki kwako mpaka Mei, ingawa vyuo vingine, Harvard na Yale vikiwamo, vinakuwekea mipaka ya wapi pengine unaweza kuomba mapema. Ya pili ni Early Decision. Hii ni posa, mamangu. Ukishaipeleka na ikakubaliwa, wachumba wengine wote unawarudishia salamu. Mzazi hutia sahihi, na shule pia. Mlango wa kutokea ni pale msaada wa fedha waliotoa usipotosha.

Watu watakwambia njia hiyo ya posa inaongeza bahati. Pengine. Mimi kwa familia inayotegemea msaada kwa kila senti siipendi, kwa sababu hupati nafasi ya kulinganisha chuo hiki kimetoa kiasi gani na kile kiasi gani. Tena vyuo vingi huangalia mfuko wa mwombaji wa kigeni kabla ya kumkubali. Visivyoangalia ni vichache: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na wenzao kidogo, na kuingia huko ni kazi ngumu. Aombe Early Action mahali pamoja, na vingine avipeleke kwa tarehe za kawaida za Januari, akiwa ameshamaliza karatasi zake za KCSE.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kalenda. Yuko bweni, simu marufuku, na tarehe 1 Novemba inaangukia kwenye mtihani wenyewe. Mtoto hawezi kuwa anahariri insha usiku ambao kesho ana kemia. Basi kazi yote ifanywe likizo ya Agosti. Bahati nzuri Common App hufunguliwa tarehe 1 mwezi huo. Insha ina kikomo cha maneno 650, aiandike mwenyewe, na tafadhali msimwambie aandike umaskini. Aandike kitu anachokijua yeye na asichokijua msomaji wa Boston.

Barua za walimu zianze kuombwa sasa hivi, siku ya wazazi. Nimefundisha kemia miaka mingi na nazijua barua zetu: "Ni mtiifu, msafi, mwenye nidhamu." Hiyo ni barua ya kutafutia kazi ya ukarani, haimsaidii. Mwombe mwalimu wa fizikia aeleze kisa. Siku ile jaribio lilipokataa maabara, binti alifanya nini? Huuliza maswali gani? Huwaelekeza wenzake? Mwalimu wa darasa la wanafunzi hamsini huenda hakumbuki, kwa hiyo binti amwandikie ukurasa mmoja wa kumkumbusha. Hilo si kughushi. Na shule iandae ripoti zote tangu kidato cha kwanza, zikiwa na muhuri.

Kuhusu Uingereza, kwa kuwa najua mtauliza: vyuo vyao vingi havimchukui mwenye KCSE moja kwa moja, humtaka apitie mwaka wa maandalizi au A-level, mtihani wao wa baada ya kidato cha sita, na ada yake ni ya kuuza shamba. Ruka.

Baba yake mwambie hajakosea kuhusu Tudor. Maombi ya KUCCPS, idara ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, hufunguliwa baada ya matokeo, na kwa digrii anahitaji angalau C+, ingawa uhandisi utadai zaidi ya hapo. Ajaze TUM, ajaze na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, hata kama barua ya Marekani anayo mkononi. Viza huamuliwa ubalozini Nairobi, na afisa wa dirishani halazimiki kukubaliana na chuo.