Maswali na Majibu: Mbio na Vyuo vya Marekani

Barua nyingi mara hii ni za vijana waliomaliza Kidato cha Nne na wazazi wao.

Kocha wa chuo kimoja ameniandikia, kumbe wako Daraja la Tatu la NCAA. Nimkatae nisubiri Daraja la Kwanza? (Mkimbiaji, Iten)

Usimkatae! NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huvigawa vyuo madaraja matatu. Daraja linahusu mchezo na pesa zake, halipimi masomo. MIT, chuo ambacho wahandisi wa dunia nzima wanakililia, kinacheza Daraja la Tatu. Unachopaswa kujua ni kwamba vyuo vya daraja hilo haviruhusiwi kukupa ufadhili kwa sababu ya mbio zako. Msaada hutokana na alama zako na hali ya nyumbani. Harvard nayo iko Daraja la Kwanza na haitoi ufadhili wa michezo. Wakati huohuo, vyuo vingi vya NAIA, shirika jingine la michezo ya vyuo, na hata vya miaka miwili vilivyo chini ya shirika lao la NJCAA, ambavyo mnavibeza bila kuviulizia, hulipia wanariadha. Kwa hiyo swali la kumpa kocha ni moja: baada ya misaada yote, kwetu tutabaki tunadaiwa dola ngapi kwa mwaka?

Ufadhili si hulipa kila kitu? (Mzazi, Kapsabet)

Mara nyingi sivyo. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha ya Daraja la Kwanza iliwekewa ufadhili 12.6 tu kwa kikosi kizima, wa mbio za nyika humo humo, na kocha akaugawa vipande. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia utaratibu mpya vinabanwa kwa idadi ya wachezaji badala ya idadi ya ufadhili, lakini kugawa kungalipo. Mnasikia neno ufadhili mnachinja mbuzi kabla ya kuona barua yenye tarakimu. Chuo hakitatoa fomu ya I-20, ambayo ndiyo inayokupeleka ubalozini kuomba viza, mpaka kione pesa za mwaka wa kwanza zinatoka wapi.

Wakala anataka asilimia ya ufadhili nitakaopata. Ni sawa?

Nimeshajibu hili na nitalijibu tena, kwa sababu kuna familia zinauza shamba. Si sawa. Sheria za NCAA haziruhusu malipo yanayotegemea wewe kupata nafasi au ufadhili, na ukikubali unaweza kupoteza haki ya kushindana. Kujiandikisha kwenye kituo chao cha ustahiki, kinachokagua kama unaruhusiwa kushindana, unafanya mwenyewe kwenye simu. Barua pepe za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo. Andika muda wako bora, uwanja ulipokimbia na alama zako za KCSE. Na usidanganye muda, watautafuta.

Naweza kupokea zawadi ya fedha kwenye mbio za barabarani kabla ya kwenda?

Usiguse hata shilingi kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi.

Kusoma hakutamuua mkimbiaji? (Kocha wa shule)

Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa akisoma El Paso, Texas, alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kinachoua ni kukimbizwa mbio za nyika, kisha za ndani ya ukumbi, kisha za uwanjani, mwaka mzima bila kupumzika, ili timu ipate pointi. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu wa timu hiyo jinsi wanavyopangiwa mbio.

Binti yangu anapenda mpira wa kikapu lakini si hodari. Ataachwa nje?

Hapana, mama. Chini ya timu kuu kuna klabu, ambazo wanafunzi huziendesha wenyewe, huchangia gharama na kucheza na vyuo vingine. Chini yake kuna mashindano ya humo humo chuoni, bweni kwa bweni. Huko ndiko wanafunzi wengi wanakocheza, na hakuna anayewafukuza wakifeli kufunga.

Nilimaliza shule zamani, niko kwenye kambi ya mazoezi tangu hapo. Muda umepita?

Huenda sehemu imepita. Kila mwaka unaoshindana rasmi baada ya shule bila kujiunga na chuo unaweza kukukata msimu, na sheria hutofautiana kati ya NCAA, NAIA na NJCAA. Waandikie makocha leo, taja tarehe uliyomaliza shule na kila shindano uliloingia.