Dawa ya usingizi kwa paka kabla ya ndege: usianzie huko

Mkuu, umeuliza dawa gani ya usingizi umpe paka wako kwa safari ya saa 14, na umebakiwa na wiki tatu. La dawa nitalijibu, ila nivumilie nianze na ambalo hukuuliza, maana mimi ndilo lililonitoa jasho.

Makaratasi. Nilipohamia Ujerumani na paka wangu, Chausiku, nilidhani kasheshe lote litakuwa angani. Paka alikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, kadi ina muhuri, roho yangu nyeupe. Siku ya kumwekea chipu, kile kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, ndipo nikaambiwa chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi. Umoja wa Ulaya wanataka chipu itangulie, ile ya tarakimu 15, ndipo chanjo ifuate, kwa sababu bila chipu huwezi kuthibitisha kuwa paka aliyechanjwa ndiye huyu uliyemshika. Aliyemchanja mwanzoni alijua nasafiri na hakunidokeza. Ikabidi tuanze upya. Na kama nchi unayotoka haimo kwenye orodha yao ya nchi zisizodaiwa kipimo cha damu, baada ya chanjo unangoja siku 30 ndipo atolewe damu ya kupima kingamwili, halafu kuanzia siku ile ya damu unahesabu miezi 3 kabla hajaruhusiwa kuingia. Tiketi yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo naitazama.

Kwa hiyo kama wiki zako tatu zinatosha, jibu linategemea unakokwenda. Japani wanataka chanjo mbili, kipimo cha damu, kisha siku 180 za kusubiri. Australia hata ukikamilisha yote, paka anapitia karantini Melbourne, siku zisizopungua 10. Uingereza hawapokei paka aliyekaa na wewe kwenye kabini, lazima aingie kama mzigo wa ndege. Cheti cha afya chenyewe kifanye mwishoni: cha Ulaya kina siku 10 tu tangu kisainiwe hadi ufike mpakani. Na usikate tiketi yako ukidhani ya paka itajipa. Ndege moja huchukua wanyama wachache kabinini, piga simu kwanza uulize nafasi, vipimo vya begi la kumbebea, na uzito. Mashirika mengi hukomea kilo 8, na hapo begi limo.

Sasa dawa. Kumlaza paka kabisa, sikushauri, na mashirika mengi ya ndege hayampokei mnyama aliyelewa dawa. Hizi za kutuliza kama asepromazini hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mwili unavyojirekebisha joto, na akiwa kwenye mizigo hakuna wa kumtupia jicho. Tena paka anaweza kuonekana katulia kumbe hofu iko pale pale, viungo tu ndivyo vimegoma. Chausiku aliandikiwa gabapentini, ambayo humpunguzia woga bila kumzimisha. Daktari alisisitiza nijaribu nyumbani kwanza, na nashukuru nilimsikiliza: mara ya kwanza alitembea kama katoka kilabuni, miguu ya nyuma inakwenda kwake. Dozi ikapunguzwa. Ukiamua njia hiyo, dozi apange daktari wa mifugo baada ya kumpima paka wako. Dawa za binadamu zilizo kabatini usiziguse. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka.

Lililomsaidia hasa ni begi. Miezi miwili kabla ya safari nililiweka sebuleni, mlango wazi, na kanga yangu ya kulalia ambayo sikuifua, makusudi. Wiki nzima alilizunguka kwa mbali kama limebeba jini. Nikahamishia chakula chake mlangoni, kila siku nakisogeza ndani kidogo. Siku nilipomkuta kalala humo bila kuitwa ndipo nikaanza kufunga zipu: dakika moja, tano, nusu saa. Kisha kulibeba nyumba nzima, kisha kwenye gari. Usiruke hatua kwa sababu muda umebana, akitishika mara moja utarudi mwanzo. Wewe litoe begi leo usiku.

Ukaguzi wa uwanjani hakuna aliyenionya. Begi linapita tupu kwenye mashine, paka unambeba mikononi, katikati ya kelele zile zote. Mvalishe mkanda wa kifuani tangu nyumbani, na uombe mkaguliwe ndani ya chumba chenye mlango. Mimi sikuomba. Kovu lipo shingoni.

Chakula nilimpa kidogo, kama saa 5 kabla ya kuruka, ili asitapike. Maji usimnyime. Choo ndicho kila mtu anakihofia, na mimi nilibeba mchanga na trei ya kukunja ambayo sikuitumia: tangu mlango hadi mlango ni saa 19, hakukojoa hata tone. Paka wengi wazima hujibana hivyo. Tandika tu pedi mbili za kunyonya, na uwe na mfuko wa kutupia chafu.

Akienda kwenye mizigo, keji iwe ngumu, aweze kusimama, kugeuka na kulala bila kujikunja. Kama ni wa pua bapa, mfano Persian, uliza mapema, kwani kampuni nyingi huwakataa kwa sababu ya pumzi.

Mkifika mpe chumba kimoja tu, chenye choo, maji na lile begi. Chausiku alijichimbia nyuma ya mashine ya kufulia na nikamwacha. Ila hesabu milo: paka asipokula siku mbili mfululizo mpeleke kwa daktari, ini lao huharibika upesi kwa njaa. Wangu alitoka usiku wa pili, akala samaki, akarudi begini kulala.

Sasa tuambie, unakwenda nchi gani, na chipu iliwekwa kabla ya chanjo au baada?