Seli zina umeme, mbona hatupigani shoti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi redio, juzi nimesoma kwamba kila seli ya mwili ina volti zake kama betri, na seli mwilini ni matrilioni. Nikapiga hesabu nikaona mambo hayaingii akilini, hizo volti zote zinaenda wapi? Mbona tukishikana mikono hatupigani shoti? Afu huo ukuta wa seli si ni mafuta, umeme unapitaje hapo?

JIBU: Marahaba fundi. Kwanza tuuite utando, ukuta ni wa mimea na bakteria na wenzao, seli zetu sisi hazina.

Ulichosoma ni kweli kabisa. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa kama milivolti 70. Utasema ni kitu gani hicho, betri ya rimoti ina volti 1.5, ila angalia unene: yale mafuta ya utando ni kama nanomita 5 tu (nanomita ni mita moja ukigawa kwa bilioni), sasa gawanya mwenyewe uone, unapata volti milioni 14 kwa mita! Hewa ikifika kama milioni 3 tu inatoa cheche. Yaani wakati unasoma hapa umekaa zako, tando za neva zako zinahimili mkazo ambao hewa ingeshindwa zamani.

Maji ya chumvi ndani, maji ya chumvi nje, mafuta katikati, wewe unakijua hicho kitu, ni kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji. Kila sentimita mraba ina uwezo wa kutunza chaji wa kama mikrofaradi 1. Mtafiti Hugo Fricke mwaka 1925 alipitisha mkondo geu kwenye damu ya mbwa akapata mikrofaradi 0.81, afu kutoka hapo akakokotoa unene wa utando, akapata kama nanomita 3.3, na hapo hadubini ya elektroni haijatengenezwa bado! Huyo jamaa mi namkubali sana.

Kuhusu kupita, umeme haupiti kwenye mafuta, unapita kwenye protini zenye tundu zilizochomekwa humo, na unabebwa na ioni, yaani chembe zenye chaji, sio elektroni kama kwenye waya zako. Kuna pampu inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2, inakula nguvu kweli kweli, halafu potasiamu inavuja kurudi nje kupitia tundu zake na ndio inaacha ndani pakiwa hasi. Watafiti Cole na Curtis mwaka 1939 walipima neva nene ya ngisi, wakaona ishara ikipita utando unapitisha umeme kama mara 40 zaidi lakini kapasita yake karibu haijabadilika, kumbe mafuta yako palepale, kilichofunguka ni milango tu.

Sasa shoti. Seli imezungukwa na utando pande zote, kwahiyo ukiingia upande huu unashuka milivolti 70, ukitokea upande wa pili unapanda 70 zilezile, jumla sifuri. Ni kama umeunga betri mbili hasi kwa hasi, taa haiwaki hata uweke matrilioni. Samaki anayeitwa mkunga wa umeme wa Amazon ndio kakwepa huo mtego: seli zake ni bapa, akitaka kupiga upande mmoja unafungua milango ya sodiamu na wa pili unabaki umefunga, hapo volti hazifutani tena, na amezipanga maelfu mfululizo. Mwaka 2019 watafiti waliripoti mmoja aliyetoa volti 860, huyo usimshike mkono.

SWALI: Mi nasomea uuguzi, kwa nini potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama?

JIBU: Kwasababu ya huohuo uvujaji. Kawaida ndani ya seli kuna potasiamu kama 140 na nje kama 4, hizo ni milimoli kwa lita. Ya nje ikipanda, ya ndani haina tena haraka ya kutoka, ndani panapungua uhasi, na milango ya sodiamu inajifunga na kukwama hivohivo, inahitaji ule uhasi urudi ndio iwe tayari tena. Basi misuli ya moyo inachelewa kupokezana ishara, mapigo yanavurugika. Ndo maana utaona daktari anawahi kuchoma kalsiamu kwenye mshipa, haishushi potasiamu hata kidogo, inautuliza utando tu mpaka dawa zingine zifanye kazi.